Bahari Inanyonya, Bahari Inalisha: Jibu kwa Maswali Mawili ya Mvuvi



Katika utume wa likizo uliopita baadhi yetu tulipangiwa kigango kimoja cha pwani. Siku tulipotoa semina fupi juu ya utunzaji wa mazingira, mzee mmoja mvuvi alisimama akauliza maswali mawili kwa mpigo. La kwanza: "Wanangu, mnasema bahari inanyonya hewa chafu ya viwandani. Sasa kama inanyonya, na ukubwa wake ndio huu, wasiwasi wa nini?" La pili: "Na mbona dagaa hawatoki kama zamani? Ni hilo joto mnalolisema, au ni mambo yetu wenyewe?" Tulijibu kwa kifupi, maana jua lilikuwa linazama na watu walikuwa na safari. Makala haya ndiyo jibu refu.

Huenda mtu akauliza wanafunzi wa falsafa wanatafuta nini baharini. Maswali ya mzee yule ni maswali ya sababu: kitu gani kinasababisha kitu gani, na kwa njia ipi. Kupambanua sababu ndiyo kazi tunayopewa darasani kila siku. Tena walezi wetu hutuambia kwamba mtu hawezi kusema lolote la maana juu ya haki na wajibu kabla hajajua mambo yenyewe yanavyokwenda.

Hewa inavyoingia majini

Tuanze na hewa ya ukaa, ile inayotoka tunapochoma makaa ya mawe, mafuta, gesi na misitu. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa kulikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa. Mwaka 1958 Charles David Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, ilikuwa imefika 315 hivi. Leo imepita 420. Kupanda huko ni kukubwa, lakini kungekuwa kukubwa zaidi sana kama hewa yote tunayoitoa ingebaki angani. Inayobaki angani ni karibu nusu tu. Nyingine huchukuliwa na misitu na udongo, na karibu robo huingia baharini. Zaidi ya hapo, bahari imechukua zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililonaswa duniani. Kwa hiyo mzee alikuwa na hoja: bahari imetubeba kweli.

Hewa ya ukaa huingia baharini kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuyeyuka tu, kama gesi inavyoyeyuka ndani ya soda. Kila mtu amewahi kuona soda ya baridi na soda iliyokaa juani: ya baridi hushika gesi yake, ya moto ukiifungua inafoka na kukuachia maji ya sukari. Bahari nayo iko hivyo. Maji ya baridi hushika gesi nyingi, maji ya moto hushika kidogo. Hapo tayari tunaona tatizo la kwanza: bahari inayopata joto inapoteza kidogo kidogo uwezo wake wa kushika gesi.

Ila bahari si soda tu. Hewa ya ukaa ikiingia majini haibaki kama gesi. Inaungana na maji na kemikali zilizomo, na sehemu kubwa hugeuka kuwa chumvi za kaboni zisizoweza kurudi angani moja kwa moja. Ndiyo maana bahari imehifadhi kaboni zaidi ya mara 40 ya ile iliyo angani. Wanasayansi wengi wa mwanzoni mwa karne ya 20 walitazama ghala hilo wakasema kama mzee wetu: bahari itameza karibu yote.

Mwaka 1957 Roger Revelle na Hans Suess walitoa andiko lililotikisa imani hiyo. Revelle alionyesha kwamba kemia ya maji ya bahari ina ukaidi wake. Hewa ya ukaa angani ikiongezeka kwa asilimia 10, jumla ya kaboni ndani ya maji ya juu huongezeka kwa asilimia 1 hivi tu, halafu maji hayo yanakuwa yameridhika. Tena kadiri bahari inavyozidi kupokea, ndivyo zile kemikali zinazoisaidia kupokea zinavyopungua. Fikiria dekio la kufutia sakafu: likiwa kavu linanyonya kwa pupa, likishalowa unalipitisha mara tatu na sakafu bado imelowa.

Hapa watu wengi huchanganya mambo, nasi tulisoma mara mbili kabla ya kuelewa. Bahari leo haijaacha kunyonya. Kwa kiasi, inanyonya zaidi kuliko miaka 50 iliyopita, kwa sababu angani kuna hewa ya ukaa nyingi zaidi inayoisukuma. Jambo linalotakiwa kuangaliwa ni uwezo wake: katika kila tani tunayoitoa, itaweza kuendelea kuchukua sehemu gani? Mtu anaweza kubeba mzigo mzito zaidi kuliko jana na bado akawa anachoka.

Tena unyonyaji wenyewe una gharama. Kaboni ikiingia, maji yanasogea upande wa asidi. Kwa kipimo cha pH maji ya juu ya bahari yameshuka kutoka 8.2 hivi hadi 8.1. Inaonekana kama si kitu, lakini kipimo hicho kimeundwa kwa namna ambayo hatua ndogo ina maana kubwa: ioni za hidrojeni, ambazo ndizo asidi yenyewe, zimeongezeka kwa karibu asilimia 30. Bahari haijawa asidi, wala haitakuwa kama siki. Lakini viumbe wanaojenga magamba na mifupa ya chokaa, kama chaza, matumbawe na vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho, wanapata taabu kupata malighafi ya ujenzi wao. Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili katika Laudato Si', fungu la 24, alipounganisha hewa ya ukaa, uasidi wa bahari na mnyororo wa chakula wa baharini. Ni rahisi kulipita fungu hilo haraka. Tunapendekeza lisomwe taratibu.

Shamba lisiloonekana

Njia ya pili ni ya viumbe hai. Katika maji ya juu, mahali mwanga wa jua unapofika, kunaelea mimea midogo sana iitwayo fitoplanktoni. Haina mizizi wala shina. Mingi ni chembe moja tu. Mingine ni midogo kiasi kwamba aina iitwayo Prochlorococcus haikujulikana mpaka miaka ya 1980, ingawa yaelekea ndiyo iliyo nyingi kuliko kiumbe kingine chochote duniani kinachojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Tulipolisoma hilo tulishangaa: kiumbe aliyetapakaa bahari zote za joto, na mwanadamu alifika mwezini kabla ya kumwona.

Fitoplanktoni hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Nusu nyingine ndiyo misitu, nyasi na mashamba yetu yote kwa pamoja. Dagaa, vibua, jodari, nguru na papa, wote mwishowe wanaishi kwa shamba hilo, kama vile simba anavyoishi kwa majani ingawa hayali.

Sasa shamba hilo linapokula hewa ya ukaa, nalo likaliwa na wadudu wa majini, na wadudu wakaliwa na samaki, sehemu ya kaboni hushuka chini: mizoga, kinyesi, mabaki ya kila namna, yakidondoka kama manyunyu yasiyokoma kuelekea vilindini. Mengi huoza njiani na kurudi kuwa gesi ndani ya maji, ila yakifika chini sana gesi hiyo inakaa huko kwa mamia ya miaka. Wataalamu huiita kazi hiyo pampu ya kibiolojia. Bila hiyo, hewa ya ukaa angani ingekuwa juu zaidi kwa kiasi kikubwa, hata kama kusingekuwa na kiwanda kimoja.

Je, hewa ya ukaa ikizidi, si mimea hiyo itastawi zaidi? Swali hili tumeulizwa pia, na wenye kuuliza huwa wanasikia kwamba mimea inapenda hewa hiyo. Jibu ni kwamba fitoplanktoni haikosi hewa ya ukaa. Tayari inayo ya kutosha majini. Inachokosa ni mbolea: naitrojeni, fosforasi, na sehemu nyingine za bahari, madini ya chuma. Mkulima ambaye shamba lake limeishiwa mbolea humsaidii kwa kumwongezea mwanga. Na mbolea ya bahari iko wapi? Iko chini, kule mabaki yanakoozea.

Kikombe cha chai

Mtu akikupa chai, sukari imekaa chini na haijakorogwa, utakunywa chai chungu huku sukari ipo kikombeni. Bahari ya joto ndivyo ilivyo. Juu kuna mwanga, mbolea hakuna. Chini kuna mbolea, mwanga hakuna. Kijiko ni upepo, mikondo, na baridi ya msimu inayofanya maji ya juu yawe mazito na kuzama.

Joto likiongezeka, maji ya juu yanakuwa mepesi zaidi kuliko ya chini. Yanakaa juu kama kifuniko, na kijiko kinahitaji nguvu zaidi kuyachanganya. Vipimo vinaonyesha kwamba utofauti huo wa matabaka katika bahari za dunia umeongezeka kwa takribani asilimia 5 tangu 1960. Matokeo yake katika bahari za joto kama yetu ni kwamba mbolea inayopanda hupungua, na kaboni inayoshuka hupungua pia. Hata aina za mimea hubadilika: palipo na njaa ya mbolea hustawi ile midogo zaidi, ambayo huzama kwa shida na ambayo lazima ipite katika midomo mingi kabla ya kufika kwa samaki. Na kila mdomo una hasara yake.

Watu wa pwani wanazijua pepo hizi kuliko sisi. Kusi likivuma, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, bahari huchafuka, maji hupoa, na ngalawa nyingi hupumzika. Kaskazi likija maji yanatulia na kupata joto. Mvuvi huliona kusi kama usumbufu, na ni haki yake, maana ndilo linalozamisha vyombo. Lakini kusi ndilo pia kijiko.

Kulisha na kunyonya si kitu kimoja

Hapa tunaomba msomaji avumilie kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu na ndipo watu wengi wanaporahisisha mno.

Kutokana na tuliyoyasema, mtu anaweza kuhitimisha hivi: maji yakichanganyika ni vizuri kwa yote, yasipochanganyika ni vibaya kwa yote. Hitimisho hilo lina kasoro. Mlango unaopandisha mbolea ndio huohuo unaopandisha kaboni ya zamani iliyokuwa imelala vilindini. Chukua pwani ya Somalia. Wakati wa kusi, upepo mkali husukuma maji ya juu mbali na nchi kavu, na maji ya chini hupanda kuziba pengo. Joto la maji huweza kushuka chini ya nyuzi 20, jambo la ajabu kwa bahari iliyo karibu hivyo na ikweta. Mbolea hupanda, bahari huwa ya kijani, samaki hujaa. Lakini maji hayohayo yanayopanda yamebeba kaboni nyingi, na sehemu yake hutoka kwenda angani. Katika msimu ule bahari inalisha sana, na hapohapo inatoa hewa ya ukaa badala ya kuinyonya.

Kwa hiyo bahari ina kazi mbili zinazohusiana bila kuwa kazi moja. Mahali inapolisha vizuri si lazima pawe mahali inaponyonya vizuri. Wenzetu wa mantiki watatambua kosa: mambo mawili yenye sababu ya pamoja hayawi kitu kimoja kwa ajili hiyo.

Mfano mkubwa zaidi uko Bahari ya Kusini, inayozunguka Antaktika. Huko huingia karibu asilimia 40 ya hewa ya ukaa ya wanadamu inayomezwa na bahari zote. Mwaka 2007 Corinne Le Quéré na wenzake waliandika katika jarida la Science kwamba tangu 1981 unyonyaji wa bahari hiyo ulikuwa umedhoofika kuliko ilivyotarajiwa. Sababu waliyoitaja ni upepo: pepo za magharibi zilikuwa zimeongezeka nguvu, zikikoroga na kupandisha maji ya kale yenye kaboni. Yaani huko tatizo lilikuwa kukorogwa kupita kiasi. Kisha mwaka 2015 Peter Landschützer na wenzake wakaonyesha, kwa vipimo vingi zaidi, kwamba kuanzia mwaka 2002 hivi unyonyaji ulikuwa umepata nguvu tena.

Tumesikia watu wakitumia kisa kama hiki kusema, "Unaona, wanasayansi wenyewe hawaelewani." Sisi tunakisoma kinyume. Kikundi cha kwanza hakikukanushwa. Kilipima kipindi chake. Kikundi cha pili kilipima kipindi kilichofuata. Tulichojifunza kutoka kwa wote wawili ni kwamba ghala hili tulilolitegemea halina utulivu. Linaweza kulegea na kukaza ndani ya miaka 20, kwa kubadilika kwa pepo tu. Mtu anayepanga maisha yake kwa kutegemea msaada ambao hajui mwakani utakuwa kiasi gani, hatumwiti mwenye busara.

Sahani ya Padre Secchi

Shamba lisiloonekana linapimwaje? Leo kuna setilaiti zinazoangalia rangi ya bahari kutoka juu, maana palipo na umbijani mwingi maji huwa ya kijani. Lakini setilaiti za kazi hiyo zimefanya kazi mfululizo tangu 1997 tu. Kwa miaka ya nyuma inabidi kutumia vipimo vya zamani, na kimojawapo kina historia inayotuhusu.

Aprili 1865 Mjesuiti Angelo Secchi, mnajimu aliyeongoza kituo cha kutazama nyota cha Collegio Romano, alipanda meli ya Papa iliyoitwa L'Immacolata Concezione. Aliombwa na kamanda wake, Alessandro Cialdi, wachunguze uwazi wa maji ya Mediterania. Walishusha sahani nyeupe kwa kamba mpaka isionekane tena, wakaandika kina chake. Ni hilo tu. Kifaa hicho kinaitwa sahani ya Secchi hadi leo, na mabaharia wa mataifa mengi wamekitumia kwa zaidi ya karne moja. Maji yenye fitoplanktoni nyingi huificha sahani mapema. Maji yenye njaa huiacha ionekane mbali chini. Yale maji ya buluu angavu ambayo watalii huyapiga picha, mara nyingi ni maji yasiyo na chakula.

Mwaka 2010 watafiti wa Kanada, wakiongozwa na Daniel Boyce, walikusanya vipimo vya sahani na vya umbijani vya zaidi ya miaka 100, wakasema fitoplanktoni ya dunia imekuwa ikipungua kwa karibu asilimia 1 kila mwaka. Habari hiyo ilienea sana. Mwaka uliofuata wataalamu wengine wakaipinga, wakisema kuchanganya vipimo vya aina mbili kunaweza kuleta upungufu ambao haupo. Tunaitaja kwa sababu namba hiyo bado inazunguka katika semina na mahubiri. Tunashauri isitumike bila kutaja kwamba imepingwa.

Namba iliyo karibu nasi zaidi ni ya mwaka 2016. Mathew Koll Roxy wa India na wenzake walichunguza Bahari ya Hindi upande wa magharibi, yaani upande wetu. Eneo hilo lilikuwa limepata joto la nyuzi 1.2 hivi katika karne moja, haraka kuliko bahari nyingine za kitropiki. Walikadiria kwamba fitoplanktoni katika eneo hilo ilipungua hadi asilimia 20 katika miongo sita, na sababu waliyoitaja ni ileile ya kifuniko. Neno "hadi" lisisahauliwe: si kila mahali, wala si kila mwaka.

Basi dagaa wamekwenda wapi?

Sasa tunafika kwenye swali la pili. Kishawishi ni kusema: joto limepanda, dagaa wamepungua, basi joto ndilo lililowapunguza. Walatini waliliita kosa hilo post hoc, ergo propter hoc: kimekuja baada ya kile, basi kimesababishwa na kile. Pwani yetu ina sababu nyingine zinazojulikana na kila mtu: baruti zilizovunja matumbawe, majuya yanayokokota hata watoto wa samaki, nyavu za matundu madogo, vyombo vingi kuliko zamani, na meli kubwa za mbali. Mzee yule alipouliza kama ni "mambo yetu wenyewe", alikuwa anajua anachosema.

Je, kuna mahali ambapo sababu hizi zimewahi kutenganishwa? Papo, tena si mbali, ingawa si baharini. Ni Ziwa Tanganyika, linaloshirikiwa na Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Lina kina cha karibu mita 1,470, na kikombe chake cha chai ni kilekile: mbolea chini, mwanga juu, na upepo wa kusi ndio kijiko. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza kwamba joto na kupungua kwa upepo vimepunguza kuchanganyika kwa maji, na kwamba uzalishaji wa mimea midogo ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 20, jambo linaloashiria pungufu ya samaki ya karibu asilimia 30. Angalia namba hizo mbili. Hasara ya chini ikipanda ngazi inakua.

Wapo waliosema ni uvuvi tu. Basi mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakachimba tope la chini ya ziwa, ambalo huwekwa tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu, wakahesabu mabaki ya samaki ndani yake. Wakakuta kwamba kupungua kulianza kabla uvuvi wa kibiashara haujaanza katikati ya karne ya 20, sambamba na kupanda kwa joto. Huo ndio ushahidi tunaoupenda, kwa sababu unaondoa sababu moja na kuiacha nyingine isimame peke yake. Hausemi kwamba uvuvi mbaya hauna madhara. Unasema kwamba hata wavuvi wa Kigoma na Uvira wangekuwa watakatifu wote, ziwa bado lingewapa kidogo.

Kwa pwani ya bahari hatuna tope linalosema wazi hivyo. Kwa hiyo jibu letu kwa mzee ni hili: ni vyote viwili, na kimoja hakifuti kingine. Joto linapunguza chakula cha samaki. Baruti na juya vinapunguza samaki wenyewe. Tena palipo na joto, uvuvi mbaya unaua zaidi, kwa sababu samaki wanaobaki wana nafasi ndogo ya kujazia. Kwa dunia nzima, ripoti ya mwaka 2019 ya jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi ilikadiria kwamba utoaji wa hewa ya ukaa ukiendelea kuwa mkubwa, uzito wa wanyama wote wa baharini utapungua kwa asilimia 15 hivi kufikia mwisho wa karne hii, na samaki wanaoweza kuvuliwa kwa asilimia 20 hadi 24. Sehemu ya hasara kubwa zaidi iko katika bahari za tropiki.

Akina mama wa mwani Zanzibar tayari wamelionja joto, ingawa kwa njia nyingine. Kilimo cha biashara kilianza huko mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, haistahimili maji ya moto ya kina kifupi. Hugonjweka, hupauka na kukatika. Wataalamu wanashauri kuuhamishia kwenye maji marefu. Ushauri ni sahihi, ila maji marefu yanadai mashua, na yanadai mtu ajue kuogelea. Mama aliyezoea kutembea na kamba zake maji yakiwa magotini, nani atamlipia hiyo mashua? Yeye hajawahi kumiliki hata pikipiki.

Je, tuitilie bahari mbolea?

Wapo waliopendekeza kumwaga madini ya chuma katika bahari zinazoyakosa, ili mimea istawi na kuzamisha kaboni. Majaribio yamefanyika tangu 1993. Mimea ilistawi kweli, lakini mara nyingi ilikuwa vigumu kuonyesha kwamba kaboni ya kutosha ilizama na kubaki huko. Mwaka 2008 nchi wanachama wa mkataba wa London wa kuzuia utupaji taka baharini zilikubaliana kwamba jambo hilo lisifanywe isipokuwa kwa utafiti halali. Kwetu inatosha kusema kwamba mtu aliyeshindwa kuelewa kikombe asikimbilie kubadilisha mapishi.

Hesabu iliyotugusa zaidi ni nyingine. Ripoti ya jopo lilelile ya mwaka 2021 ililinganisha njia mbili. Katika njia ya kupunguza moshi haraka, nchi kavu na bahari kwa pamoja zitakuwa zimechukua karibu asilimia 70 ya hewa ya ukaa yote iliyotolewa kufikia mwaka 2100. Katika njia ya kuendelea kuchoma bila kujali, zitachukua asilimia 38 tu. Kwa tani halisi zitakuwa zimebeba zaidi, lakini sehemu inayobaki angani itakuwa kubwa zaidi pia. Ndiyo maana hoja ya "bahari itanyonya tu" haisimami: uwezo wa kunyonya unategemea kiasi tunachoipa inyonye.

Na kile kilichokwisha kuingia kitakaa. Maji mazito ya baridi yanayozama kuzunguka Antaktika na kaskazini mwa Atlantiki husafiri vilindini kwa mamia ya miaka. Mengi ya maji ya kale yanayopanda sasa katika Bahari ya Kusini yaligusa hewa mara ya mwisho kabla ya viwanda, yakashuka bila moshi wetu. Yanayozama mwaka huu yanashuka nao, na watakaoyaona yakirudi juu bado hawajazaliwa.